Mamba na Samaki Katika Mtumbwi Mmoja

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja, mke wa askari, anayeishi katika kambi ambayo sitaitaja. Barua yenyewe ilikuwa ya kurasa tatu, imeandikwa kwa mwandiko mzuri, nayo ilijaa uchungu. Mumewe ana rafiki, sajini mwenzake, ambaye hufika nyumbani kila Jumapili. Tangu mlangoni matusi huanza. Mgeni humwita mwenyeji "maiti isiyozikwa". Mwenyeji naye humkaribisha kwa kumwambia kwamba panya wamekwisha nyumbani, hivyo hana kitoweo cha kumpa. Kisha wawili hao huketi, wakala sahani moja, wakacheka hata machozi yakawatoka. Watoto wameanza kuigana nao. Mama huyu anauliza: "Je, ndugu mwandishi, huu ni urafiki au ni chuki iliyovikwa kanzu? Nimpige marufuku mtu huyu nyumbani mwangu? Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha."

Ndugu msomaji, mimi nilisomea ualimu kabla ya kuhamishiwa kazi ya ofisini, na mwalimu hufundishwa kutolijibu swali kabla hajalielewa. Nililala na barua ile siku tatu. Siku ya nne nikakumbuka mtumbwi mmoja katika Ziwa Mweru, nikaona kwamba jibu nilikuwa nalo tangu mwaka juzi, ila sikuwa nimelitoa mfukoni.

Dada yangu ameolewa Kashikishi, wilaya ya Nchelenge, katika Jimbo la Luapula nchini Zambia. Nilikwenda kumtazama wakati wa likizo yangu ya Agosti. Ukitoka Mansa barabara huandamana na mto Luapula kuelekea kaskazini, unapita Mwense na Mwansabombwe, kwenye makao ya Mwata Kazembe wa Walunda, mpaka unapoliona ziwa limetanda mbele yako kama shuka iliyoanikwa. Urefu wake ni yapata kilomita 130, na ng'ambo ya pili ni Kongo. Siku za hewa safi unaweza kuiona milima ya ng'ambo. Siku za ukungu huoni kitu ila maji na mbingu. Kiswahili utakisikia sokoni kila siku, kwa maana watu wa Kilwa na Pweto, upande wa Kongo, huja na kurudi na biashara zao, na samaki hajui mpaka.

Shemeji yangu ni mvuvi wa chisense. Hao ni samaki wadogo mfano wa dagaa wetu, ambao huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Zamani walitumia karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri. Asubuhi samaki hao huanikwa mchangani, na wakikauka hutiwa magunia wakasafirishwa mpaka miji ya migodi ya shaba. Ni kazi ya watu wawili au zaidi katika mtumbwi mmoja, na hapo ndipo kisa changu kinapoanzia.

Mwenzi wa shemeji yangu alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye sauti kama ngoma. Jioni ya kwanza alipofika kumchukua shemeji yangu hakubisha hodi. Alisimama uani akapaza sauti, "Chakula changu kimeamka?" Shemeji akajibu kutoka ndani, "Nani huyo anayenuka matope mlangoni pangu?" Nami nikamtazama dada yangu kwa hofu, nikidhani vita vimeingia. Dada alikuwa akiendelea kusonga ugali.

Alinieleza baadaye. Wabemba na makabila mengi ya Luapula hugawanyika katika koo, na kila ukoo una jina la mnyama au la kitu fulani. Shemeji ni wa ukoo wa Samaki. Mwenziwe ni wa ukoo wa Mamba, Bena Ng'andu kama wanavyoitwa, nao ndio ukoo wa kifalme wa Wabemba, anakotoka Chitimukulu. Kwa kuwa mamba hula samaki, koo hizo mbili ni watani tangu enzi za mababu. Vivyo hivyo Chui na Mbuzi. Wenyewe huuita utani huo bunungwe. Mwanamke wa Kiingereza aliyeitwa Audrey Richards, aliyekaa miongoni mwa Wabemba na kuchunguza desturi zao, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1937. Makabila mazima nayo hutaniana: Wabemba na Wangoni, ambao walipigana vita katika karne ya 19, leo hawawezi kukutana pasipo kucheka. Sisi watu wa Tanzania hatuna haja ya kwenda mbali ili kulifahamu jambo hili. Mzaramo na Mnyamwezi, Mchaga na Mpare, nani asiyejua yanayopita kati yao?

Basi nikaomba nami nichukuliwe ziwani. Usiku wa kwanza nilikaa katikati ya mtumbwi kama gunia, nikisikiliza. Mamba alikuwa mbele na taa, Samaki nyuma na kasia. Maneno yao hayakukatika.

"Piga kasia, kitoweo," alisema Mamba. "Mfalme anachelewa."

"Mfalme gani mwenye suruali iliyotoboka matakoni?"

"Nimeitoboa makusudi ili raia wangu wapate kuniona."

"Wewe mshukuru Mungu kwamba sisi Samaki tupo. Tusingekuwapo ungekula tope. Nimekulisha tangu utoto, na hata 'baba' hujaniita!"

"Nitakuita 'baba' siku nitakapokumeza."

Hivyo ndivyo walivyokuwa mpaka alfajiri, na mikono yao haikuacha kazi hata mara moja. Niligundua kwamba maneno yale yalikuwa na faida yake. Usiku wa ziwani ni mrefu, na usingizi ni adui. Aliyetupiwa neno asipojibu, mwenziwe hugeuka kumtazama: amesinzia, ameanguka, ama ana jambo moyoni? Askari waliolinda lindo la usiku wataelewa ninachokisema. Utani ule ulikuwa kama mlinzi anayeuliza kila baada ya dakika chache, "Upo?" na mwenziwe akajibu, "Nipo."

Usiku wa pili nilijiona nimekuwa mwenyeji. Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hata sasa nikilikumbuka masikio hupata moto. Mamba alikuwa akijisifu kwamba ziwa lote ni uwanja wa babu zake. Nami nikadakia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Mamba gani ninyi? Nimesikia mkianguka majini mnazama kama mawe!"

Hakuna aliyecheka. Makasia yalisimama. Nilisikia maji yakigonga ubavu wa mtumbwi. Shemeji yangu akasema polepole, kwa Kiswahili, ili nielewe vizuri: "Shemeji, hapo hatupiti."

Sikujua, ndugu msomaji, kwamba mdogo wake Mamba alikufa maji katika ziwa lile lile, miaka miwili tu kabla ya siku ile.

Sikupata hata nafasi ya kuomba radhi. Upepo wa kusini-mashariki, ambao huvuma sana miezi ile ya kiangazi, uliamka ghafula. Ziwa Mweru lina kina kifupi, hasa upande wake wa kusini, na ziwa la namna hiyo halihitaji muda mrefu ili kukasirika. Mawimbi yake huwa mafupi na makali, moja juu ya jingine, hayakupi nafasi ya kupumua. Taa moja ilizimika. Maji yakaanza kuingia.

Nilitazamia makelele. Badala yake watu wale wawili, ambao hawakuwahi kunyamaza kwa muda wa siku mbili, wakanyamaza kabisa. Hakukuwa na mfalme wala kitoweo. Neno lililosikika lilikuwa moja moja: "Kushoto." "Shika." "Sasa." Kila mmoja alijua mkono wa mwenziwe utakuwa wapi kabla haujafika. Mamba akanijia kwa kutambaa. Alikuwa amechukua kamba ya wavu. Akanifunga kiunoni, ncha ya pili akaifunga kwenye ubao wa kukalia, kisha akanitia kopo mkononi. "Kumba maji," akasema. Huyo ndiye mtu niliyemchoma kidonda muda mfupi uliopita. Hakunitazama usoni, lakini fundo lake lilikuwa la hakika. Nililijaribu, halikulegea.

Nilikumba maji mpaka mikono ikafa ganzi. Muda gani ulipita siwezi kusema. Upepo ulipopungua, mashariki palikuwa pameanza kupauka, na ukanda mweusi wa pwani ulionekana. Mtumbwi ulikuwa nusu maji. Samaki wetu wote walikuwa wamerudi kwao. Kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno. Kisha Mamba akageuka, akamtazama shemeji yangu aliyekuwa amelowa chapachapa, akatetemeka kwa baridi na kusema:

"Samaki, leo ziwa lilitaka kuninyang'anya kitoweo changu."

"Lilikuonja wewe kwanza," akajibu shemeji, "likatema."

Wakacheka mpaka mtumbwi ukayumba. Nami nilikuwa nimefungwa kamba katikati yao, nikilia bila kujua kwamba nalia.

Tulipofika nchi kavu nilimwendea Mamba kumtaka radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, kama barua ya kikazi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakujibu lolote. Alinyosha mkono, akanivua kofia yangu mpya niliyoinunua safarini, akaivaa, akaondoka zake. Siku nzima alionekana katika soko la Kashikishi amevaa kofia ile, akimwambia kila mtu kwamba amemteka Mtanzania na kwamba fidia yake ni kuku wawili.

Nilimlalamikia dada yangu. Dada akacheka. "Mdogo wangu," akasema, "mshukuru Mungu. Mtani ana haki ya kukunyang'anya. Kukuvua kofia ndiko kukusamehe. Angekuwa bado na kinyongo angekuamkia kwa adabu."

Ndipo akanisimulia habari ya mazishi ya yule mdogo wake Mamba. Katika desturi zao, kama ilivyo katika makabila mengi ya kwetu, watani wana kazi msibani. Maiti ilipopatikana, aliyetangulia kushika jembe alikuwa shemeji yangu, mtu wa Samaki. Alipokwisha kuchimba alikataa kutoka kaburini mpaka alipwe ada yake, akilia kwamba Mamba wamemfanyisha kazi bure tangu dunia iumbwe. Mama wa marehemu, ambaye hakuwa ametia chakula kinywani siku mbili, alicheka pasipo kupenda, na baada ya kucheka akaweza kula. Siku ile shemeji alitania juu ya kifo kile, kwa kuwa ilikuwa haki yake na wajibu wake. Tangu siku ile hakulitaja tena. Mimi sikulichimba kaburi lile. Nilithubutuje kuingia humo kwa maneno?

Kamba ile ya kiunoni ilinikumbusha habari niliyoisoma zamani katika maktaba ya chuo cha ualimu, juu ya wapanda milima. Watu hao nao hufungana kamba wawili wawili, mmoja akiteleza mwenziwe amzuie. Eric Shipton, kijana wa Kiingereza, alikuja Kenya mwaka 1928 kufanya kazi ya shamba. Mwaka uliofuata alifika kilele cha Batian katika Mlima Kenya pamoja na Percy Wyn Harris, ambaye alikuwa mtumishi wa serikali kama mimi, ingawa mimi ngazi za ofisini peke yake hunitoa jasho. Habari za safari ile zilimfikia mlowezi mwingine, Bill Tilman, aliyelima Sotik. Huyu alikuwa askari wa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza na alipata nishani kwa ushujaa. Alimwandikia Shipton barua, na kutokana na barua hiyo ukazaliwa urafiki uliodumu miaka mingi.

Mwaka 1930 walikwea Kilimanjaro, kisha wakaupanda Mlima Kenya, ambao urefu wake ni mita 5,199, kwa kufuata ukingo wa magharibi ambao hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuupitia. Katika safari hiyo hiyo walipanda kilele kingine kidogo cha mlima ule, na katika kushuka Tilman aliteleza, akaanguka, akapoteza fahamu, akabaki ananing'inia kwa kamba. Shipton alikuwa ameishika ncha ya pili. Hakuiachia. Tilman alipozinduka alikuwa hakumbuki vema mambo yaliyotokea, na mwenziwe akamshusha taratibu mpaka penye usalama.

Sasa sikiliza jinsi watu hao walivyotaniana. Hawakupigiana kelele kama Mamba na Samaki. Waingereza wale walitaniana kwa ukavu. Miaka ilipita, wakawa wamekwisha panda Ruwenzori mwaka 1932, na mwaka 1934 wakasafiri katika milima ya Himalaya kwa miezi mingi, wakilala hema moja na kula chungu kimoja. Muda wote huo waliitana kwa majina ya ukoo, kama karani na mkuu wake. Mwishowe Shipton alisema kwamba ni upuuzi kuendelea kumwita Tilman, naye akamtaka mwenziwe amwite Eric. Tilman akainamisha kichwa kwa haya, akajibu kwamba hawezi, kwa kuwa jina hilo likitamkwa husikika la kipumbavu mno! Hebu fikiri: mtu anakukabidhi maisha yake kwenye ncha ya kamba, lakini jina lako halimtoki kinywani. Mtu wa nje angedhani hawapendani. Kumbe kila mmoja alikwisha kumpa mwenziwe kitu kikubwa kuliko jina.

Sasa namrudia mama yetu wa kambini. Mama, huwezi kuupima utani kwa ukali wa maneno yake. Kama maneno ndiyo kipimo, shemeji yangu na mwenziwe wangekuwa gerezani. Tazama kwanza kama neno hujibiwa. Anayetania hungoja zamu yake ya kupigwa. Anayedharau hukasirika akijibiwa. Mkubwa akimtania mdogo wake wa kazi, ambaye hana ruhusa ya kujibu, huo si utani, ni uonevu, na katika kambi na vituo vyetu yafaa jambo hili lisemwe waziwazi.

Tazama pia kama wanajua mahali pasipopitika. Watani wa kweli wana ramani ya vidonda vya wenzao, nao huvizunguka gizani pasipo taa. Mimi sikuwa na ramani hiyo usiku ule, ndiyo maana nilikanyaga. Na watoto wako hawana ramani hiyo. Hivyo usiwaache waige maneno wasiyoyajua mizizi yake. Waambie kwamba maneno ya baba na rafiki yake ni kama bunduki ya baba: ina mwenyewe, ina kazi yake, na haichezewi na asiyefunzwa. Mumeo naye una haki ya kumwambia, kwa upole, kwamba matusi mengine yangojee mpaka watoto walale.

Lakini kipimo kikubwa ni siku ya upepo. Siku hiyo utani hunyamaza, na anayebaki mtumbwini ndiye rafiki. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, walisema wahenga hao hao wa usaha.

Nilikuwa tayari kumaliza hapa, mama, nikaisoma barua yako mara ya mwisho. Nikaona kitu ambacho mara tatu za kwanza nilikiruka. Katika ukurasa wa pili, pembeni kabisa, umeandika kwa herufi ndogo, kana kwamba ni jambo lisilo na uzito, kwamba mwaka uliopata uchungu wa mtoto wako wa mwisho mumeo alikuwa safarini kikazi, mvua ilikuwa ikinyesha, gari halikupatikana, na kwamba sajini huyo alikuweka juu ya baiskeli yake, akaikokota katika matope usiku kucha mpaka hospitali. Umeandika kwamba njia nzima alikuwa akimtukana mumeo kwa kuoa mwanamke mzito, nawe kwa hasira ukasahau maumivu.

Mama, uliniuliza kama umfungie mlango. Barua yako imekwisha jibu, nami nilikuwa mpeleka barua tu. Jumapili ijayo akifika, mpikie kitu kizuri. Akiuliza ni kitoweo gani, mwambie ni panya.

Ama kofia yangu, nasikia bado inavaliwa Kashikishi. Sijapeleka wale kuku wawili, na sina nia ya kuwapeleka. Deni hilo likilipwa, mimi na Mamba tutabaki kuamkiana kwa adabu.

Tuonane juma lijalo.